Kipimo Safi, Kibofu Kinauma

Panda daladala yoyote, useme kwa sauti kwamba mkojo unakuunguza na tumbo la chini linavuta. Hujafika kituo cha pili utakuwa umeshapewa jina la ugonjwa, jina la dawa na hesabu ya vidonge vya kumeza asubuhi na jioni. UTI. Aliyeumwa mara moja akapona alikuwa na UTI ya kawaida. Aliyechomwa sindano za siku tano, akarudia, akabadilishiwa dawa, akarudia tena na bado anajikunja usiku, huyo ana UTI sugu. Ukivuka mpaka kwenda Nairobi au Kampala mazungumzo ni hayohayo, yanabadilika lafudhi tu.

Mimi hutibu magonjwa ya mfumo wa mkojo, na wengi wanaofika kwangu wamekwisha kujipa jina hilo kabla hawajakaa kwenye kiti. Siwalaumu, maana wamepewa na sisi. Ila kwa jinsi ninavyousoma utafiti wa miaka ya karibuni, na kwa ninayoyaona kliniki, sehemu kubwa ya wanaoitwa wagonjwa wa UTI sugu hawana maambukizi yaliyoshindikana. Wana magonjwa mengine, manne au matano tofauti, yaliyofichwa chini ya herufi tatu. Na pembeni yao wapo wachache wenye maambukizi ya kweli ambayo kipimo chetu hakiyaoni. Wote tunawapa dawa zilezile.

Ushahidi wa hapa kwetu upo. Mradi wa HATUA, uliowaunganisha watafiti wa Kenya, Tanzania, Uganda na Uingereza, ulikusanya mikojo ya watu zaidi ya 7,500 waliofika vituo vya afya wakiwa na dalili za UTI. Kwa upande wa Tanzania walitoka Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro. Mikojo ilioteshwa maabara kwa utaratibu mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yanaonyesha kwamba bakteria wa kutosha kuitwa maambukizi walipatikana kwa watu kama 35 katika kila 100. Na kati ya E. coli walioota, zaidi ya nusu walikuwa sugu kwa dawa za makundi matatu au zaidi.

Magazeti yaliandika kuhusu usugu wa dawa, na ilistahili. Lakini takwimu iliyonikosesha usingizi ni ile ya kwanza. Watu 65 katika kila 100 walikuwa na dalili, walifika, walitoa mkojo, na mkojo haukuotesha kitu cha kutosha. Hao wanaumwa nini?

Jibu la haraka ni kwamba hawana kitu, wanajisikia tu. Nimelisikia likitamkwa na watu wenye stethoskopu shingoni. Kabla ya kulikubali, tukitazame kwanza kipimo chenyewe.

Chukua cheti cha kawaida cha kupima mkojo, cha zahanati yoyote ya mtaani. Rangi: njano. Protini: hakuna. Chembe za usaha: 4 hadi 6. Chembe za ngozi: nyingi. Bakteria: wachache. Chini yake, kwa mwandiko wa haraka, UTI, na orodha ya dawa. Mstari wenye habari muhimu kuliko yote katika cheti hicho ni ule wa chembe za ngozi, na karibu hakuna anayeusoma. Chembe za ngozi zikiwa nyingi maana yake mkojo umepita nje ukaosha ngozi na ute wa ukeni, ukaingia navyo kwenye kikopo. Mgonjwa alipewa kikopo akaonyeshwa choo. Hakuna aliyemwambia ajisafishe, aachie mkojo wa mwanzo uende zake, akinge wa katikati. Pengine choo hakikuwa na maji. Kisha kikopo kikakaa dirishani saa mbili kwenye joto la Dar es Salaam, na bakteria wawili watatu waliotoka ngozini wakazaliana humo kwa raha zao. Kwenye darubini wanaonekana, na mtu anaandikiwa dawa ya ugonjwa uliozaliwa ndani ya kikopo.

Kijiti cha rangi nacho kina udhaifu wake. Kisanduku cha nitriti hugeuka rangi iwapo bakteria wamepata muda wa kubadilisha naitreti ndani ya kibofu, na muda huo ni kama saa nne. Mtu mwenye maambukizi makali anakwenda msalani kila nusu saa. Mkojo haukai. Kijiti kinasema hakuna, naye anaungua.

(Hapo hapo niondoe jambo moja njiani: vyoo vya kuchangia. Imani kwamba UTI hurukia mtu kutoka kwenye choo cha jirani, cha stendi au cha hosteli imevunja urafiki wa vyumba vingi vya wanafunzi. E. coli anayesumbua kibofu kwa kawaida ametoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Choo kichafu kina madhara yake mengi, lakini hili si mojawapo. Kinachodhuru kibofu ni mwanafunzi kukikimbia choo hicho, akajizuia kunywa maji na kubana mkojo kutwa nzima.)

Basi tuoteshe, mtasema. Kuotesha mkojo ndiko tunakokuita kipimo cha uhakika. Hapa inafaa kujua mstari wa uhakika huo ulichorwa wapi. Katika miaka ya 1950, huko Boston, Edward Kass alilinganisha mikojo ya wanawake wenye maambukizi ya figo na ya wanawake wasio na dalili, akitafuta namna ya kutenganisha bakteria wa kibofuni na waliookotwa njiani. Akapata mstari: bakteria 100,000 kwa kila mililita. Kwa swali alilokuwa nalo ulikuwa mstari mzuri sana. Tatizo ni kwamba maabara za dunia ziliuchukua zikaufanya kipimo cha kila mtu, hata yule ambaye Kass hakuwa akimzungumzia, yaani msichana mwenye kibofu kinachowaka tangu jana usiku. Mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake wa Seattle walichukua mkojo wa wanawake wa aina hiyo moja kwa moja kutoka kibofuni, wakagundua kwamba bakteria 100 tu kwa mililita waliweza kuwa ndio chanzo cha maumivu. Mia moja dhidi ya laki moja. Wapo wanaopewa cheti kinachosema hakuna maambukizi kwa sababu ya mstari ambao haukuchorwa kwa ajili yao, na wapo waliomeza vidonge vinne vya duka la dawa kabla ya kutoa mkojo, wakawaua bakteria wa kuota bila kuumaliza ugonjwa.

Kisha likaja jambo lililowachanganya hata wataalamu. Shuleni tulifundishwa kwamba mkojo wa mtu mzima wa afya hauna wadudu hata mmoja. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, walionyesha dalili za bakteria katika vibofu vya wanawake ambao vipimo vya kawaida vilisema ni safi. Mwaka 2014 wakawaotesha kwa mkojo mwingi zaidi, hewa tofauti na muda mrefu. Katika mikojo 65 waliyoijaribu, 52 iliotesha kitu, na kati ya hiyo 52, maabara ya kawaida ilikuwa imesema 48 haina kitu. Kibofu kina wakazi wake, kama utumbo na uke vilivyo na wakazi wao, na baadhi yao huenda ni walinzi.

Kwa hiyo kukuta bakteria hakuthibitishi ugonjwa, na kutowakuta hakuthibitishi afya. Ndiyo sababu ninawaonya wanaolipa fedha nyingi kwa vipimo vya vinasaba vya mkojo vinavyoanza kutangazwa mijini. Vitakuta bakteria kwa kila mtu. Asiye na dalili hatibiwi kwa sababu ya cheti, isipokuwa mama mjamzito, ambaye kwake bakteria wa kimya hupanda figoni kwa urahisi, na mtu anayekaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Hao watibiwe bila mjadala.

Sasa turudi kwa wale 65. Katika kanda hii swali la kwanza linapaswa kuwa la kijiografia: umekulia wapi, ukioga na kuchota maji wapi? Ukanda wa Ziwa una vichocho viwili visivyokaa mahali pamoja. Wavuvi wa mwambao hupata zaidi kile cha tumbo. Ukiingia bara, Kwimba, Misungwi hadi Shinyanga, kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga, ndiko aliko konokono anayebeba kichocho cha mkojo. Unguja na Pemba wana cha mkojo pia, kwenye mito midogo na mabwawa, na licha ya kampeni kubwa za dawa visiwani bado hakijakubali kuondoka kabisa.

Minyoo ya Schistosoma haematobium hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga mayai yenye mwiba, na mayai hupenya ukuta wa kibofu kutafuta njia ya kutoka na mkojo. Mengi hutoka na damu kidogo mwishoni mwa haja. Yanayokwama ndiyo yenye kisa kirefu: mwili huyazingira, ukuta hukakamaa, kibofu hupungua uwezo wa kutanuka, na mtu huanza kwenda msalani kila mara kwa mkojo mdogo unaouma. Hizo ni dalili za UTI neno kwa neno. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikwisha kumtaja mnyoo huyu mwaka 1994 kuwa chanzo kilichothibitika cha saratani ya kibofu.

Kwa wanawake mayai hayaishii kibofuni. Huingia kwenye shingo ya kizazi, uke na mirija. Makadirio yanayotumiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ni wanawake na wasichana kama milioni 56 Afrika kusini mwa Sahara. Mwanamke anaumwa chini ya kitovu miaka nenda rudi, anatokwa uchafu, anatoka damu baada ya tendo la ndoa. Anatibiwa zinaa. Anatibiwa tena pamoja na mumewe, na safari hii nyumbani pamechafuka, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pili. Daktari aliyefundishwa, akitazama shingo ya kizazi kwa mwanga mzuri, huona madoa madoa kama punje za mchanga zilizomwagwa juu ya ngozi laini. Asiyefundishwa huyaona hayohayo akaandika maambukizi ya ukeni. Watafiti walioko Mwanza wamelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi, pamoja na uhusiano wake na virusi vya Ukimwi, na inasikitisha jinsi kazi yao inavyosomwa zaidi mbali kuliko kwenye zahanati za Kwimba.

Kuna kitu kimoja cha bure kabisa kinachoharibu ugunduzi wa kichocho, nacho ni saa. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Maabara zetu hupenda mkojo wa alfajiri, kwa kuwa kwa bakteria ndio mzuri. Mgonjwa mtiifu anayeleta kikopo saa moja asubuhi anaweza kuambiwa hana kichocho, ilhali angerudi saa sita, baada ya kutembea kidogo, mayai yangeonekana.

Dawa ipo, prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Inaua minyoo waliokomaa. Haiyaondoi mayai yaliyokwama, kwa hiyo mwanamke aliyetibiwa akiwa na miaka 35 anaweza kuendelea kuumwa, na kuambiwa tena kwamba ni UTI. Kwa miaka mingi tuligawa dawa hizi shuleni tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake: mahali ambapo maambukizi yamefikia asilimia 10, dawa zigawiwe kwa wote kuanzia miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Mama anayepandikiza mpunga majini tangu Desemba hayupo kwenye dawati la darasa la tano, na ilitakiwa tulijue hilo mapema zaidi.

Kifua kikuu nacho hushuka kwenye figo na kibofu. Chembe za usaha nyingi kwenye mkojo ambao kila ukioteshwa hauoti kitu ni sababu tosha ya kukitafuta. Na mtu anayekwenda msalani mara ishirini huku ana kiu isiyoisha apimwe sukari kabla ya kingine chochote.

Tukishawatoa hao wote wanabaki watu ambao kwa kweli sina wa kuwapeleka. Maumivu yao hupanda kibofu kikijaa, hupungua wakishakojoa, kisha yanarudi. Huamka usiku mara nne, tano. Pilipili, kahawa au maji ya ndimu huwachokoza. Imepita miezi, mkojo umeoteshwa vizuri na hauna kitu. Hao wana ugonjwa wa maumivu ya kibofu, na ugonjwa huo una historia inayofaa kusomwa na kila daktari aliyewahi kumwambia mwanamke kwamba ana mawazo mengi.

Guy Hunner wa Baltimore alieleza mwaka 1915 vidonda alivyoviona kwenye kuta za vibofu vya wanawake waliokuwa wameteseka miaka mingi. Vidonda hivyo tunavitambua mpaka leo kwa jina lake, na vinapoonekana kwa kamera vinaweza kuchomwa, mgonjwa akapata nafuu kubwa. Lakini wagonjwa wengi hawana kidonda chochote, na kwa kuwa hakikuonekana kitu, vitabu vya tiba vilikaa miongo mingi vikiwahesabu kuwa na matatizo ya akili. Mambo yalianza kubadilika Marekani mwaka 1984, mwanafunzi wa udaktari, Vicki Ratner, aliyekuwa mgonjwa mwenyewe na aliyechoshwa na majibu ya madaktari, alipoanzisha chama cha wagonjwa. Mwaka 1987 taasisi ya taifa ya huko ikaweka vigezo vya utafiti. Vilikuwa vikali kiasi kwamba baadaye ilionekana zaidi ya nusu ya wagonjwa wanaotambuliwa na madaktari wazoefu hawavitimizi. Utafiti wa RAND uliochapishwa mwaka 2011 ulipowapigia simu wanawake majumbani, ulikadiria kwamba asilimia 2.7 hadi 6.5 ya wanawake wazima Marekani walikuwa na dalili hizo. Waliokuwa wameambiwa jina la ugonjwa hawakufika mmoja kati ya kumi.

Dawa pekee ya kumeza iliyoidhinishwa huko mahsusi kwa ugonjwa huu, pentosani, ilipitishwa mwaka 1996. Jaribio kubwa la mwaka 2015 halikuona tofauti kati yake na kidonge kisicho na dawa. Miaka mitatu baadaye madaktari wa macho wa Atlanta wakaripoti uharibifu wa retina kwa waliokuwa wameitumia miaka mingi. Wakati huohuo, mtandao wa utafiti wa MAPP, ulioanzishwa mwaka 2008, uliamua kutazama nje ya kibofu, ukakuta wagonjwa wengi wanaumwa pia mgongo, kichwa, tumbo na viungo. Kwa baadhi yao mishipa ya fahamu imejifunza kupiga kelele, na kibofu ni mahali tu inaposikika.

Jaribio ninalolipenda katika eneo hili halina dawa. Mwaka 2012 wanawake 81 wenye maumivu ya kibofu na misuli ya nyonga iliyokaza waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikandwa mwili mzima. La pili lilipata mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyelegeza misuli ya sakafu ya nyonga yenyewe, kwa mkono, ndani na nje. Walionufaika katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 26, katika la pili asilimia 59. Na hapo ndipo ushauri wa mitandaoni unapoumiza watu. Mazoezi ya kubana aliyoyaeleza Arnold Kegel mwaka 1948 yanamfaa mama anayevujwa na mkojo akikohoa, kwa kuwa misuli yake imelegea. Mwenye maumivu misuli yake tayari imebana. Ukimwambia abane zaidi, unamwongezea.

Wanaume wasijitoe. Kijana wa miaka 30 mwenye maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa hupewa sipro za wiki sita, kisha nyingine sita. Jaribio la mwaka 2004 kwa wanaume wa aina hiyo, waliokuwa wameumwa muda mrefu na kutibiwa sana, lilionyesha kwamba sipro haikuwasaidia kuliko kidonge kitupu. Wengi wao nao ni misuli.

Na wapo ambao maambukizi yao ni ya kweli na yanarudi. Hao nawapa maji kabla ya dawa, na si kwa maneno ya bibi. Wanawake 140 wa Bulgaria waliokuwa wakinywa maji kidogo na kuugua mara kwa mara waligawanywa, nusu wakaongeza lita moja na nusu kwa siku. Katika mwaka mmoja walioongeza waliugua kwa wastani mara 1.7, wenzao mara 3.2. Matokeo hayo ya mwaka 2018 yangeandikwa ukutani kwenye kila duka la dawa muhimu. Aliyekoma hedhi ana dawa nyingine, krimu ya estrojeni ya ukeni, ambayo tangu mwaka 1993 inajulikana kupunguza maambukizi haya. Naiandika mara nyingi na kuiona madukani mara chache.

Ninachowaomba wenzangu wa vyuo, badala ya kuomba fedha za kuotesha mikojo mingine 7,000, ni wawafuate wale ambao haikuota. Wawape daftari la siku tatu: saa ya kukojoa, kiasi kwa kikombe cha kupimia, maumivu kabla na baada. Wawapime kichocho saa sita mchana. Wawachunguze wanawake shingo ya kizazi kwa mtu anayejua madoa ya mchanga yanafananaje. Wanaobaki wapelekwe kutazamwa kibofu kwa kamera Bugando, KCMC au Muhimbili, na wataalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali hizo wafundishwe kugusa misuli ya sakafu ya nyonga, kazi ambayo leo ukiitaja kwenye mkutano watu hucheka. Waanzie Kwimba. Wagonjwa wako pale, na vyeti vyao vya miaka kumi wanavyo kwenye mifuko ya plastiki.